Jibu: Ni ujana tu au ameanza kutumia?

Pole dada. Umeuliza kama mdogo wako kubadilika hivi ni ujana tu au ni dawa za kulevya. Macho mekundu peke yake hayatoshi kumhukumu. Angalia anavyoishi: ameacha mpira alioupenda, anakopa kila mtu, kaahidi kuacha akashindwa, na kiasi cha jana leo hakimtoshi. Ukiona mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano na anasinzia katikati ya maongezi, shuku heroini au dawa nyingine za jamii yake. Wataalamu wana vigezo 11 vya kupima uraibu. Viwili ndani ya miezi 12 vinatosha kuitwa ugonjwa. Ugonjwa, dada, si utovu wa adabu. Na kama ni pombe nyingi ya kila siku, usimkatishe ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege. Muone daktari kwanza.