Tangi la matumbawe nyumbani: tuliza maji kwanza, viumbe watafuata

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba tangi lako ni la lita 200, kwamba mawe, mchanga na maji ya chumvi vimo ndani tangu juzi, na ungependa kujua ni vifaa gani vilivyobaki na kama unaweza kutia samaki na matumbawe mwishoni mwa wiki hii. Samaki bado, na matumbawe bado zaidi. Nitaeleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa nimelea tangi la namna hii kwa miaka tisa, na makosa niliyoyafanya mwanzoni yaligharimu uhai wa viumbe ambao hawakuwa na pa kukimbilia.

Jambo ambalo ningependa ulishike ni hili: tumbawe huweza kuzoea kipimo kisicho kamili, lakini ni vigumu kuzoea kipimo kinachopanda na kushuka. Katika mwamba wa baharini, chumvi ya maji ya leo karibu ni ile ile ya jana, kwa sababu nyuma yake kuna bahari nzima. Nyuma ya tangi lako hakuna kitu isipokuwa wewe. Vifaa vyote nitakavyovitaja vina kazi hiyo moja ya kuzuia maji yasiyumbe, na kifaa kisichosaidia hilo kinaweza kungoja.

Nianze na maji yenyewe. Maji ya bomba, hata yakiwa safi kwa kunywa, huweza kuja na klorini, fosfati, silikati na hata chembe za shaba kutoka kwenye mabomba. Fosfati na silikati hulisha mwani usioutaka, na shaba huua konokono, kamba na matumbawe kwa kiasi kidogo sana. Tumia chujio la osmosisi kinyume, yaani linalosukuma maji kupitia utando mwembamba, lenye resini ya kunasa mabaki mwishoni, na upime yabisi zilizoyeyuka hadi kipimo kisome 0. Changanya chumvi katika ndoo tofauti, kamwe si ndani ya tangi lenye viumbe, ukiacha pampu izungushe maji mpaka yawe maangavu na joto lake lilingane na la tangi. Lengo ni gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, ambazo katika nyuzi 25 ni sawa na uzito linganifu (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji matupu) wa takriban 1.026. Haidromita, kipimo cha chumvi cha plastiki chenye mshale, nisingeitegemea, kwani viputo vidogo vya hewa hujishikiza kwenye mshale na kuupandisha, nawe ukadhani maji yana chumvi ya kutosha kumbe yamepungukiwa. Tumia refraktomita, inayopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, na uisahihishe kwa kimiminika maalumu cha 35 badala ya maji matupu, kwa sababu kifaa kinachosoma 0 sawasawa huweza kukosea kule juu unakopimia.

Uvukizi ndio uliowahi kunitesa kimyakimya. Maji yanapovuka hewani, chumvi hubaki. Tangi langu, lenye maji halisi ya lita 300, hupoteza karibu lita 4 kwa siku. Katika miezi ya mwanzo nilikuwa nafidia pengo hilo kwa maji ya chumvi, nikiamini kwamba maji ya bahari hujazwa kwa maji ya bahari. Piga hesabu: lita 4 zenye gramu 35 kila moja ni gramu 140 za chumvi ya ziada kila siku, na kwa siku 10 ni kilo 1.4, kiasi kinachotosha kupandisha chumvi ya tangi lile kutoka 35 hadi karibu 40. Konokono walianza kulala chali mchangani, na mimi nikawa natafuta ugonjwa. Kwa hiyo pengo la uvukizi hujazwa kwa maji matupu yaliyochujwa, na maji ya chumvi hutumika tu unapobadilisha sehemu ya maji. Kama utanunua kifaa kimoja tu cha kujiendesha chenyewe, basi kiwe kile cha kujazia maji chenye kihisio cha kina, kwa maana kudondosha kidogo kidogo mchana na usiku ni bora kuliko kumwaga ndoo nzima jioni.

Joto nitalipitia haraka: nyuzi 25 hadi 26 zinatosha. Weka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Hita huharibika mara nyingi kwa kukwama ikiwa imewaka, na hita ndogo iliyokwama haina nguvu ya kuchemsha tangi zima kabla hujagundua. Pampu za mkondo ziwe mbili, zikitazamana kwa pembe, ili maji yapite kila upande wa mawe na uchafu usitulie. Skima ya protini huvuta mabaki ya vyakula na kinyesi kwa viputo kabla hayajaoza. Kwa lita 200 inasaidia sana, ingawa wapo wanaoendesha tangi dogo bila hiyo kwa kubadilisha maji kwa bidii. Kuhusu taa, tatizo ninaloliona mara nyingi kwa wanaoanza ni mwanga kupita kiasi. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wa hadubini unaolilisha kwa nguvu ya mwanga. Mwanga ukizidi ghafla, au joto likipanda mno, tumbawe huupoteza mwani huo na kubaki jeupe. Anza na nusu ya nguvu ya taa, kisha uongeze polepole kwa wiki kadhaa.

Sasa nirudi kwenye swali lako la mwisho wa wiki. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na katika maji ya bahari sumu hiyo ni kali zaidi kwa sababu pH ya 8 na kitu huiacha sehemu kubwa zaidi ya amonia katika umbo linaloingia kwenye matamvua. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi kidogo haina madhara. Bakteria hao hukaa juu ya mawe na mchanga, nao huzaliana taratibu, kwa hiyo tangi jipya kwa kawaida huhitaji wiki 4 hadi 6. Usitumie samaki kama chambo cha kuanzishia mzunguko huo, kama wengine wanavyoshauri, maana ni kumchoma kiumbe matamvua ili uokoe siku chache. Tia kloridi ya amoniamu mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, uzime taa, kisha upime kila baada ya siku mbili. Siku utakapotia dozi hiyo na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zikasoma 0, tangi liko tayari kwa samaki wawili wadogo.

Baadaye itakuja hali ambayo imewakatisha tamaa wengi. Vumbi la kahawia litafunika mchanga na vioo, kisha nyuzi za kijani zitaota juu ya mawe. Huo si uharibifu. Mawe makavu ni uwanja mtupu, na kila aina ya mwani hujaribu kuutwaa kabla ya wengine. Tia konokono, punguza mwanga, ng'oa kwa mkono unachoweza kung'oa, na usimwage dawa. Ukiona madoa ya zambarau magumu kama chokaa yakitambaa juu ya mawe, ujue uso wa mawe umeanza kupata wenyeji unaowataka.

Ningependa kukaa kidogo kwenye ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, unaopimwa kwa vizio vya dKH, kwa kuwa ndipo nilipopoteza zaidi. Matumbawe ya mawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti yanazozivuta majini. Wengi hupima kalsiamu kwanza, lakini ualkali ndio unaotoa habari mapema. Kila ualkali unaposhuka dKH 2.8 kwa sababu ya ujenzi huo, kalsiamu hushuka takriban miligramu 20 tu kwa lita, na kati ya 420 na 400 vipimo vyetu vya nyumbani huenda visione tofauti. Weka ualkali kati ya dKH 8 na 9, kalsiamu kati ya 400 na 450, na magnesiamu karibu na 1300.

Mwaka wangu wa pili nilirudi kutoka safari ya siku 12, nikapima, nikakuta ualkali umeshuka hadi dKH 6.5. Niliyeyusha bikarbonati ya sodiamu na kuimwaga yote jioni ile, na kipimo cha saa nne usiku kikasoma 10. Nililala nikiamini nimeokoa tangi. Asubuhi, kabla taa kubwa haijawaka, nilimulika kwa tochi tumbawe la Acropora, aina ya tumbawe la mawe lenye matawi, nililolilea tangu likiwa na urefu wa kidole gumba. Ngozi yake ilikuwa imeachana na mfupa kuanzia chini, ikipeperuka katika mkondo kama karatasi iliyolowa, na mahali ilipotoka palikuwa peupe kabisa. Kufikia jioni weupe ulikuwa umefika kwenye ncha za matawi. Lililokuwa jirani yake, ambalo ni aina ya nyama laini isiyo na mfupa, lilijikunja siku mbili na likafunguka tena. Kipimo cha 6.5 kilikuwa kibaya, lakini siku zote 12 za kushuka polepole hazikuua kitu. Mruko wa usiku mmoja ndio ulioua.

Tangu siku hiyo sipandishi zaidi ya dKH 1 kwa siku, na mara nyingi ni nusu yake. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kwa lita 300, gramu 9 za bikarbonati ya sodiamu hupandisha takriban dKH 1, kwa lita zako 200 ni gramu 6. Pima Jumapili, pima tena Jumatano saa ile ile, na gawanya tofauti kwa siku tatu. Ikiwa ulikuwa 8.4 na sasa ni 7.8, tangi lako linatumia dKH 0.2 kwa siku, basi rudisha gramu 1.2 kila siku badala ya kungoja deni likusanyike. Andika kila namba kwenye daftari pamoja na tarehe. Katika tangi lako changa lisilo na matumbawe ya mawe, kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kutatosha kwa miezi mingi.

Kabla ya kiumbe chochote kuingia, yapo mambo mawili ya usalama ambayo sitaki uyakose. La kwanza ni umeme: kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi, na saketi yote ipite kwenye kifaa kinachokata umeme unapovuja. La pili ni sumu. Baadhi ya yale yauzwayo kama matumbawe laini, ya jamii ya zoanthidi, hasa Palythoa, hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana katika viumbe. Yashike kwa glavu na miwani ya kukinga macho, na usiwahi kuchemsha jiwe lililo nayo, kwani mvuke wake umewahi kuwalaza hospitalini watu wa nyumba nzima.

Samaki wa kwanza wawe Amphiprion ocellaris wawili, wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, waliozaliwa kwenye matangi ya wafugaji na si waliovuliwa. Samaki aina ya kangaja, ingawa wanavutia, wanahitaji uwanja mrefu wa kuogelea ambao lita 200 hazina. Hao ocellaris wawili watenge wiki 4 hadi 6 katika tangi dogo tupu kwanza. Ugonjwa wa madoa meupe ukiingia kwenye tangi kuu, dawa ya shaba haiwezi kutumika humo kwa sababu itaua matumbawe, na itakubidi uwatoe samaki wote na kuacha tangi bila samaki kwa takriban wiki 11.

Matumbawe ya kwanza yawe yale laini, yawekwe chini mchangani ambako mwanga ni hafifu, moja moja, kwa kupishanisha wiki mbili au tatu. Acropora ingoje hadi daftari lako lionyeshe miezi mitatu mfululizo ambamo ualkali haukupishana zaidi ya dKH 0.5. Kwa sasa pima amonia, chumvi na joto usiku wa leo, kisha uandike hapa namba tatu ulizozipata pamoja na jina la kifaa ulichopimia chumvi, ili tujue tunaanzia wapi.