Ute si uchafu: majibu kwa mlioandika mwezi huu

Maswali ya safari hii yamejaa sabuni. Ya "nifanyeje ninukie kama ua" nimeyaweka kando yote. Uke si ua.

Shikamoo nesi. Naosha ndani kwa sabuni ya kuogea, vidole viwili, asubuhi na jioni, kama alivyonifunza somo yangu. Lakini harufu inazidi. Nitumie sabuni gani? (Tanga, miaka 26)

Marahaba mwanangu. Sabuni iache kama ilivyo, toa vidole.

Somo yako alikufunza mengi mema, sina ugomvi naye, ila hili tulilirithi bila kuliuliza. Ndani ya uke wanaishi bakteria walinzi, jamaa ya wale wanaochachusha mtindi. Kazi yao ni kutengeneza asidi, ndiyo maana uke wa mwanamke mzima anayepata hedhi una pH, yaani kipimo cha asidi, ya kati ya 3.8 na 4.5; namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi. Sabuni nyingi za kipande ziko 9 hadi 10. Kila unapoingiza povu unawasomba walinzi, na wale waliokuwa wamejibanza pembeni wanapata nyumba. Hao ndio wenye shombo. Wewe ukisikia shombo unaosha zaidi, wao wanazidi kustawi. Umeona unavyozunguka?

Osha nje tu: mashavu na mikunjo yake, kwa maji safi, mara moja au mbili kwa siku. Ukishindwa kabisa kuishi bila sabuni, iwe laini isiyo na manukato, na iishie nje. Kama shombo ipo na ute umekuwa mwepesi wa kijivujivu, hasa baada ya tendo, nenda kituo cha afya. Hiyo inatibika kwa dawa ya kuandikiwa, si kwa kusugua.

Lugha yetu nayo imetuponza. Mpaka kwenye vyumba vya daktari tunasema "natokwa na uchafu". Ukishauita uchafu, utaacha kuusafisha? Sema ute.

Basi nitajuaje kama ute wangu ni wa kawaida?

Swali zuri, na ni la kwanza la namna hiyo tangu mwaka uanze.

Ute hubadilika na mwezi wako. Katikati ya mzunguko, yai linapokaribia kutoka, unakuwa mwembamba, unang'aa na kuvutika kama ute wa yai la kuku. Karibu na hedhi unakuwa mzito, mweupe, na ukikauka kwenye chupi unaacha alama ya njano hafifu. Wale mnaoniandikia kwa hofu kwamba chupi nyeusi imepauka katikati, hiyo ni asidi ya walinzi wenu. Ina maana wapo kazini.

Usio wa kawaida ni ule ulioganda kama mtindi, ukawasha. Hapo nashuku fungasi. Wa kijani au njano wenye povu unahitaji kipimo, na mwenzi wako atibiwe pia, la sivyo mtarudishiana. Damu baada ya tendo, au baada ya hedhi kukoma, isingoje mwisho wa mwezi.

Nina UTI sugu mwaka wa pili. Nawashwa, natokwa vitu kama maziwa mgando. Nimemeza antibayotiki mara tano. Niongeze ipi?

Usiongeze hata moja! Barua kama hii ni ya nne mwezi huu, na zote zina "UTI sugu" ndani yake. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo: unakojoa kwa maumivu, unabanwa kila dakika, kidogo kidogo. Wewe umenieleza uke. Maelezo yako yananuka fungasi, na fungasi hustawi pale antibayotiki inapofagia walinzi. Inawezekana kabisa kwamba dozi tano ndizo zilizokufikisha mwaka wa pili.

Nenda maabara, omba kipimo cha ute, mkojo uoteshwe (yaani bakteria wakuzwe maabara waonekane ni wepi), na sukari ipimwe, maana kisukari hulisha fungasi zinazorudirudi. Na msilaumu vyoo vya kuchangia. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, na bakteria wanaopanda humo mara nyingi wanatoka kwenye njia yako mwenyewe ya haja kubwa.

Nikitawaza nianzie wapi?

Mbele kwenda nyuma. Na watoto wako uwatawaze hivyo hivyo.

Nimejifungua wa pili, mume anasema nina maji mengi na nimelegea. Kuna dada anauza unga wa kubana, una shabu na mitishamba, analeta kwa bodaboda. Wengine wananishauri ndimu au kujifukiza. (Mbagala)

Mdogo wangu, usimfungulie huyo bodaboda.

Shabu inakausha, na ngozi kavu inachubuka wakati wa tendo. Kila mchubuko ni mlango wa virusi vya UKIMWI na vinginevyo. Ndimu inaunguza. Mvuke wa kujifukiza umeshawababua wanawake kweli, si hadithi. Na huo unga uliokuja kwenye kopo lisilo na jina la kiwanda, ukikudhuru utamshtaki nani? Namba ya simu?

Unyevu ni mwili wako unapokaribisha. Mweleze mumeo hivyo, kwa sauti ya kawaida tu. Kulegea baada ya uzazi kuna mazoezi yake: bana misuli kama unayezuia mkojo, hesabu hadi 5, achia, rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Yape miezi mitatu. Ukiona mkojo unavuja ukikohoa, mwone daktari.

Siki je, naweza kuoshea?

Hapana. Siki huko ndani ina kazi moja, na ni ya nesi: anapakaza siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe, dalili ya mabadiliko yanayoweza kuwa saratani. Ukiwa na miaka 30 au zaidi na hujawahi kufanyiwa, nenda ukapimwe.

Pedi ni ghali. Moja ikae siku nzima, siku za mwisho damu ikiwa kidogo?

Badilisha kila baada ya saa 4 hadi 6, hata damu iwe matone. Najua ninachokuomba kina bei: Tanzania iliziondolea pedi kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, mwaka uliofuata ikairudisha. Bado nina kinyongo.

Vitambaa vya pamba havina ubaya. Fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yawe meupe, anika juani. Juani, si chini ya godoro wala nyuma ya mlango. Kitambaa kilichokauka kwa kujificha ndicho kinachovunda. Mkiona haya na majirani, tandazeni kanga nyepesi juu yake.

Binti yangu ana miaka 10, kifua kimeanza, na naona ute kwenye chupi. Nimwoshe na nini?

Maji, na aoge mwenyewe. Ute huanza miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza. Kukiwa na harufu mbaya, damu au maumivu, mpeleke hospitali, na mwulize kwa upole, mkiwa wawili tu, kama kuna mtu amemgusa.

Shuleni hakikisha amepata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Na nunua pedi sasa hivi, mweke mbili kwenye mfuko wa ndani wa begi pamoja na chupi ya akiba, umwonyeshe zinavyobandikwa.