Kocha Anajibu: Niuze kiwanja mwanangu aende Ulaya?

SWALI: Shikamoo kocha. Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, anacheza winga ya kulia ila mguu wake ni wa kushoto. Tangu amwone Lamine Yamal, yule winga wa Barcelona na Hispania, shule haimwingii kichwani. Anasema mwenzake alicheza Barcelona na miaka 15, yeye amechelewa. Sasa amekuja mtu anajiita wakala, anataka shilingi milioni tatu, anasema kuna klabu ya Ulaya itamsajili mwaka huu huu. Nina kiwanja na mteja yupo. Niuze? Mama wa Nyegezi, Mwanza.

JIBU: Marahaba, mama. Usiuze.

Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nje ya nchi yake. Ruhusa ni chache, mfano wazazi wawe wamehamia huko kwa sababu zisizohusu mpira, au kijana awe tayari yumo ndani ya Umoja wa Ulaya na ametimiza miaka 16. Mwanao hayumo humo. Barcelona hiyohiyo iliadhibiwa mwaka 2014 kwa kusajili watoto kinyume cha kanuni, ikafungiwa kusajili wachezaji kwa madirisha mawili, yaani vipindi viwili vya usajili. Klabu ipi itajitia kitanzi kwa ajili ya kijana ambaye haijawahi kumwona?

Naandika haya kwa uchungu. Nilipokuwa na miaka 17 baba aliuza ng'ombe wawili, akampa mtu aliyesema ananipeleka Uarabuni. Nililala siku tatu nyumba ya wageni Kariakoo nikimngoja. Hakutokea. Nilirudi kijijini na viatu vipya vya mpira begani, na baba hakuniuliza chochote.

Kijana naye mpe habari ya Yamal nzima. Yule amezaliwa hukohuko Catalonia, Julai 2007, akakulia Rocafonda, mtaa wa wahamiaji mjini Mataró, baba Mmorocco na mama wa Guinea ya Ikweta. Alipoingia mechi yake ya kwanza ya timu kubwa, dhidi ya Real Betis, Aprili 29, 2023, dakika ya 83, alikuwa ameshafundishwa na Barcelona tangu ana miaka saba. Na kwenye Euro 2024, michuano ya mataifa ya Ulaya, huku anaichezea Hispania kule Ujerumani, alikuwa na kazi za shule hotelini, akafaulu mtihani wake wa sekondari.

Kisha mkalishe atazame tena bao alilowafunga Ufaransa kwenye michuano hiyo, mjini Munich, siku nne kabla hajatimiza miaka 17. Aache kutazama mpira, atazame miguu. Rabiot, kiungo wa Ufaransa, yuko mbele yake. Yamal hakimbii. Anamwonyesha kama anakwenda kulia, anausogeza mpira kushoto kidogo tu, nafasi ya kupiga inapatikana, mpira unapinda, unagonga nguzo kwa ndani. Kasi haikufanya kazi pale, kazi ilikuwa ya mguso. Huo mguso hauuzwi na wakala. Unapatikana ukutani, pasi mia kila jioni, na nusu yake apige kwa mguu wa kulia. Maana winga wa mguu wa kushoto anayecheza upande wa kulia, beki akishajua kwamba lazima ataingia ndani, amekwisha. Akiwa na krosi ya mguu wa kulia, beki hajui amfunge njia ipi. Kwa vijana wangu hapo ndipo ninapogombana nao kuliko pote.

Wala hajachelewa. Simon Msuva, winga wetu, aliondoka Yanga kwenda Difaa El Jadida ya Morocco mwaka 2017 akiwa na miaka 23, ameshakuwa mfungaji bora wa ligi hapa nyumbani.

Huyo mtu akirudi, mwite na mjomba wa kijana akae hapo. Mwombeni leseni yake ya FIFA na barua ya klabu yenye jina la klabu, mzipeleke TFF, shirikisho letu la mpira, zihakikiwe. Wakala wa kweli hulipwa kutokana na mkataba mchezaji akishasaini. Kabla ya hapo asipewe hata ya nauli.