Reli iliyokufa nyuma ya nyumba yetu inageuzwa njia ya baiskeli, itatusaidia kweli?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi na mume wangu tunaishi mji mdogo huku Missouri, Marekani, na nyuma ya nyumba yetu inapita ile reli ya zamani ya Rock Island, mataruma yameoza na miti imeota katikati. Sasa tunaambiwa jimbo linaigeuza iwe njia ndefu ya watembea kwa miguu na baiskeli. Jirani yetu mkulima amefura, anasema ardhi ni ya ukoo wake na huko ni kuchoma kodi zetu, ila kanisani wanasema mji utafufuka. Nimwamini nani? Halafu farasi wataruhusiwa? Na mume wangu magoti yanamsumbua, sijui kama itamfaa. – Msomaji wa Missouri

JIBU: Dada, kila upande una ukweli wake, na jirani yako ana hoja kuliko wanavyomchukulia huko kanisani. Uzuri ni kwamba jimbo lako lilishapitia haya kwahiyo huna haja ya kubahatisha.

Angalia Katy Trail, njia ya baiskeli ya jimbo lenu iliyojengwa palipokuwa na reli. Inatoka Clinton mpaka Machens, maili 240 hivi, yaani karibu kilomita 386, na sehemu kubwa inafuata mto Missouri. Ilikuwa reli ya MKT, yaani Missouri-Kansas-Texas, watu wakaifupisha K-T ndo ikazaa Katy, treni zikasimama 1986 na hapo hapo ugomvi ukaanza. Wakulima walisema babu zetu waliwapa watu wa reli ruhusa ya kupitisha treni tu, treni zikiisha ardhi inarudi kwetu, na kisheria hayo si maneno ya hovyo hata kidogo. Ila mwaka 1983 Marekani ilishapitisha sheria ya kuweka reli akiba: njia haihesabiwi kuwa imeachwa, inatunzwa isije siku treni zikahitajika tena, na kwa sasa watu wanapita kwa miguu na baiskeli. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikubali sheria hiyo 1990, lakini ikasema mwenye ardhi anaweza kuidai fidia serikali ya shirikisho. Kwahiyo jirani asigombane na waendesha baiskeli, amuone wakili amuulize kama muda wa kudai bado upo, maana ni miaka 6 tu na saa yake huanza kuhesabu mapema kuliko watu wanavyodhani.

Haya, hela. Katy haikuanza na kodi peke yake, Ted Jones, yule wa kampuni ya uwekezaji, alitoa dola milioni 2.2, na kipande cha kwanza kikafunguliwa Rocheport 1990. Hifadhi za jimbo lenu, Katy ikiwa mojawapo, kwa sehemu kubwa zinaishi kwa kodi ndogo ya mauzo, sehemu moja ya kumi ya asilimia moja, ambayo hifadhi zinagawana na kazi ya kutunza udongo na maji, na wapiga kura wenyewe ndo huamua kila baada ya miaka 10 kama iendelee. Utafiti wa 2012 ulikadiria Katy inapata wageni kama 400,000 kwa mwaka na inaingiza karibu dola milioni 18.5. Si haba kwa changarawe za chokaa zilizoshindiliwa!

Lakini hapo ndo watu wa kanisani wanapojisahau. Hela haiachwi na anayepita, inaachwa na anayelala. Mtu anamaliza Katy kwa siku nne, tano, anahitaji kitanda, chakula, maji, choo, pa kuziba pancha, na mji usio na hivyo vitu unapungiwa mkono tu. Pia njia ikikatika katikati inabaki ya wenyeji kunyoosha miguu jioni, jambo jema sana kwa kweli, ila hoteli haifunguliwi kwa ajili hiyo. Rock Island tayari ina maili 47 kati ya Pleasant Hill na Windsor, tangu mwisho wa 2016, na Windsor ndipo inapokutana na Katy. Maili 144 nyingine, Windsor mpaka Beaufort, jimbo lilikabidhiwa 2021, na ndani yake kuna madaraja marefu ya chuma kwenye mito ya Osage na Gasconade, hapo ndipo hela itakapoyeyukia. Kwahiyo kwenye mkutano usiulize "njia inakuja lini", uliza kipande kipi kinaanza, na nani atafyeka miti na kurudisha changarawe mvua ikizibeba. Mafuriko ya 1993 yaliharibu sehemu kubwa ya Katy ikiwa bado changa, na ikabidi watu waanze upya.

Farasi: kwenye Katy wanaruhusiwa vipande vichache tu, kwa kipande chenu uliza kwenye mkutano. Pikipiki na magari hapana kabisa.

Kuhusu magoti ya mzee, treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwahiyo reli zilichongwa karibu na tambarare na njia imerithi hivyo hivyo. Baiskeli za umeme nazo Katy zinaruhusiwa, kwahiyo akikataa kutoka basi ana sababu nyingine.