Mgonjwa anasema «kidogo», ndugu zake wanasema hakulala: niandike jibu la nani?

Swali. Mama Docta, jambo sana. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, niko Kadutu, hapa Bukavu, na TFC yangu, kazi ya utafiti ya kumaliza masomo, inahusu maumivu ya wagonjwa wa kansa iliyokwisha kusambaa. Nilianza na wagonjwa 40, nikawauliza maswali 10 ya kile kipimo cha POS cha Afrika, kinachopima hali ya mgonjwa mahututi na ya anayemhudumia, kila swali alama 0 hadi 5, nikawarudia baada ya siku 14. Mambo matatu yananisumbua. Nikiuliza maumivu, karibu wote wanajibu «kidogo», lakini ndugu wanaowalinda wananiambia mgonjwa hakulala. Je, niweke jibu la ndugu mahali pa lile la mgonjwa? Pili, kwenye ziara ya pili niliwapata 25 tu, na msimamizi wangu anasema niwatoe wengine niendelee. Tatu, nimejumlisha maswali yote 10 kuwa alama moja juu ya 50. Alama zimeshuka, na sijui kama hiyo ni habari njema. Nisaidie, muda wangu ni mfupi.

Jibu. Dada yangu, usifute jibu la mgonjwa. Hata pale moyo wako unapokuambia kwamba anaficha, liache palepale, na la ndugu uliandikie safu yake. Ila kwanza turudi kwenye lile neno «kidogo», kwa sababu ndilo linaloharibu mengine yote.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kando ya mama mmoja aliyeletwa kutoka upande wa Walungu, kansa ya shingo ya kizazi imekwisha kuingia kwenye mifupa ya nyonga. Nilimuuliza kama ulivyouliza wewe. Akajibu: «Inaluma kidogo tu, Mungu anasaidia.» Mkono mmoja ulikuwa juu ya kitenge, wa pili umeng'ang'ania chuma cha kitanda mpaka vidole vimekakamaa. Mkamwana wake alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na ndoo yake. Nikaandika 1. Mkamwana alipotoka kwenda kutafuta maji ya moto, yule mama alinitazama, akafungua vidole vyote vitano juu ya kitenge, bila neno. Baadaye alinieleza: kila akilalamika, watoto wananunua dawa nyingine, deni la hospitali linapanda, na shamba la mihogo lilikwisha kuwekwa rehani.

Mimi nilikuwa nimemuuliza juu ya nyonga yake, yeye akanijibu juu ya shamba. Kwa hiyo, kabla ya kuwashuku wagonjwa wako 40, jiulize nani alikuwa amesimama pale ulipouliza, na kama mgonjwa alijua kwamba jibu lake halitaongeza kitu kwenye bili. Mwambie hivyo waziwazi. Mwombe mlinzi wake, yaani ndugu anayemhudumia, kwa heshima atoke dakika 10. Halafu usianze na namba. Anza na usiku: ulilala saa ngapi, uliamshwa na nini, ulijigeuza upande gani. Uliza maumivu yamemzuia nini: kukaa ale, kwenda chooni, kumshika mjukuu. Akishasimulia, ndipo umwombe namba. Utaona «kidogo» ikigeuka 4 mbele ya macho yako.

Na namba yenyewe, tumia mkono. Kipimo hicho, kilichotengenezwa na shirika la Afrika la tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, APCA, kutokana na kile cha King's College cha London cha mwaka 1999, kinahesabu 0 hadi 5, na vidole vya mkono mmoja vinatosha: ngumi ni 0, mkono wazi ni 5. Lakini jihadhari na jambo moja ambalo wengi hawalioni. Kuna wazee ambao wakitaka kukuonyesha tano, wanafunga ngumi. Wewe unasoma 0, yeye amekuambia hali yake ni mbaya kupita zote. Kabla ya swali la kwanza, mwombe akuonyeshe mbili, kisha tano, kwa desturi yake mwenyewe. Ni nusu dakika tu.

Tazama pia Kiswahili cha karatasi yako. Swali la 6 linauliza kama mgonjwa amekuwa na amani. Uliza neno hilo hapa Bukavu, na mgonjwa anasikia vita. Atakujibu juu ya risasi za jana usiku, au juu ya ndugu waliokimbia Goma, na wewe utaandika jibu hilo chini ya utulivu wa roho. «Roho yako imetulia?» inafika karibu zaidi. Hata «maumivu» wengine wanaielewa kama huzuni ya msiba, waulize «wapi panakuluma?» na uone wanavyoelekeza kidole. Kanuni ya tafsiri unaijua: watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, wakubaliane, kisha mwingine ambaye hajaona karatasi ya asili airudishe kwenye lugha ya kwanza. Lakini hatua inayofichua makosa ni ya mwisho: chukua wagonjwa watano au sita, uwasomee swali, kisha uwaombe wakuambie kwa maneno yao wewe umeuliza nini. Kwa Mashi, lugha ya Washi wa huku, fanya hivyohivyo. Usimwachie mkamwana atafsiri papo hapo kando ya kitanda.

Sasa ndugu. Jibu lao lina thamani, ila ni la kitu kingine. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba mlinzi na mgonjwa wanakaribiana kwenye yale yanayoonekana, kama kutapika au kushindwa kutembea, na wanaachana kwenye wasiwasi, huzuni na maumivu yenyewe. Mlinzi aliyekesha naye anachanganya uchovu wake humo. Ndiyo maana kipimo chenyewe kina maswali 7 ya mgonjwa na 3 ya mlinzi mwenyewe: kama ameelezwa vya kutosha, kama anajiamini katika kumhudumia, na kama ana wasiwasi juu ya mgonjwa. Unachoweza kufanya ni hiki: wakati mgonjwa bado anaongea, siku hiyohiyo, muulize mlinzi kando, «Unadhani yeye angeonyesha vidole vingapi?» Andika yote mawili. Siku mgonjwa atakapokuwa hana nguvu ya kujibu, utakuwa unajua mlinzi huyu huwa anaongeza au anapunguza kiasi gani.

Ukilinganisha safu hizo mbili, usitumie koroleshoni, ile hesabu inayoonyesha tu kama namba mbili zinapanda na kushuka pamoja. Mlinzi anayeongeza 2 kila mara atakupa koroleshoni kamili, na hakuna hata jibu moja walilokubaliana. Tumia kapa yenye uzito (kwa Kiingereza weighted kappa), ambayo inahesabu makubaliano yenyewe na inatofautisha kukosea kwa kidole kimoja na kukosea kwa vinne. Kwa mgonjwa asiyesema kabisa, tazama uso, pumzi, mkono unaolinda mahali, mguno anapogeuzwa, na uandike kwamba ni wewe uliyetazama.

Hili la wagonjwa 15 ambao hukuwapata kwenye ziara ya pili ndilo nataka ulisome mara mbili. Tuseme kati ya 40, wagonjwa 20 walionyesha vidole 2 na 20 wengine vidole 5. Wastani ni 3.5. Katika siku 14, wagonjwa 15 wanafariki, wote wa kundi la vidole 5. Waliobaki 25 hawajabadilika hata kidogo, lakini wastani wao ni 2.6. Ukiandika kwamba maumivu yalishuka kutoka 3.5 hadi 2.6, utakuwa umeviita vifo 15 mafanikio ya huduma. Ukifuata shauri la msimamizi wako, ukalinganisha wale 25 na wao wenyewe, hesabu inanyooka: 2.6 na 2.6. Lakini sasa TFC yako haisemi lolote juu ya watu walioumia zaidi, nao ndio waliokufanya uchague somo hili.

Usiwatoe. Weka jedwali la wote 40 walivyokuwa siku ya kwanza, waliobaki na waliokosekana bega kwa bega. Kwa kila aliyekosekana andika sababu: amefariki, amechoka mno, amerudishwa nyumbani, amekataa, au wewe mwenyewe hukufika kwa sababu barabara ilifungwa. Sababu hizo hazilingani, na kuzitia zote chini ya neno moja ni kupoteza habari. Kwa wagonjwa utakaowaongeza, punguza muda. Kipimo kinauliza juu ya siku 3 zilizopita. Siku 14 ni nyingi mno kwa mtu wa hali hii. Rudi baada ya siku 3, kisha ya 7. Msimamizi wako mwambie kwa adabu kwamba wale 25 utawachambua kama alivyoagiza, na wote 40 utawaonyesha kwanza. Sidhani atakataa.

Jumla juu ya 50 ifute. Maswali ya 1, 2, 3 na 10 yanauliza maumivu, dalili nyingine na wasiwasi. Huko 5 ni vibaya. Kuanzia la 4 hadi la 9 yanauliza kama mgonjwa amewaeleza watu wake yaliyo moyoni, kama maisha yana thamani, kama roho imetulia, kama wamesaidiwa kupanga ya mbele, na yale mawili ya kwanza ya mlinzi; huko 5 ni vizuri. Umejumlisha njaa na shibe. Alama iliyoshuka inaweza kuwa nafuu ya maumivu, au kukata tamaa, na huwezi kujua ni ipi. Toa ripoti ya kila swali peke yake. Kwa watu 40 hilo ndilo la kusomeka.

Umeuliza matatu, lakini kuna la nne ambalo siwezi kulipita. Ukiona vidole 4 au 5, unafanya nini saa hiyo? Andika katika mpango wako nani unamwambia, na ndani ya muda gani, kabla kamati ya maadili haijakuuliza. Mjini New York, watafiti waliwafuata wagonjwa 766 wa kansa. Baadhi yao walikuwa wakiripoti dalili zao wenyewe kwa kompyuta, na dalili ikiwa kali muuguzi alikuwa anapata ujumbe. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliokuwa wakiripoti waliishi wastani wa kati wa miezi 31.2, na wengine 26.0. Wale walikuwa na muuguzi anayepokea ujumbe na kuinuka. Wewe huna kompyuta hiyo, una miguu yako na korido. Nenda kwa muuguzi wa zamu na karatasi mkononi. Kama kuna morfini ya kunywa, mkumbushe daktari kwamba inatolewa kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa, bila kungoja mgonjwa alie, na dawa ya kulainisha choo inaanza nayo siku hiyohiyo. Kampala wamekuwa wakiichanganya morfini hiyo kutokana na unga tangu mwaka 1993, na wagonjwa wanainywa nyumbani kwao.

Namba yako ya pili itabadilika kwa sababu uliingilia, najua. Iandike hivyo: siku gani uliripoti, nani alikuja, alipewa nini. Kisha nitumie karatasi mbili tatu za ziara ya kwanza bila majina, nitazame lile swali la 6 wameelewaje.