Binti anakoroma usiku, kipimo cha mchana chasema mzima

SWALI: Assalamu alaykum, Bibi Muuguzi. Binti yangu ana miaka mitano. Usiku anakoroma, mara kimya, kifua kinahangaika bila pumzi, kisha anashtuka kama aliyeibuka majini. Alikuwa keshaacha kukojoa kitandani, sasa kaanza tena, na chuoni anasinzia. Nilimpeleka kituoni, wakamvisha kidude cha kidoleni, kikasoma 98, wakasema hana kitu. Mama mkwe anataka akatwe kimeo. Nifanyeje? (Mama wa Wete)

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. La kimeo kwanza: usikubali. Wodini nimewapokea watoto waliokatwa kwa wembe, damu haikatiki. Na kimeo sicho kinachoziba. Kwa watoto wa umri huo mara nyingi ni mafindofindo yaliyovimba, au vinyama vya nyuma ya pua.

Ama hiyo 98, yaani asilimia ya oksijeni damuni, ni kweli, lakini ni ya mchana, mtoto yu macho. Koo lake huziba akilala, misuli ikilegea. Kumpima saa nne asubuhi hakusemi lolote juu ya saa nane za usiku.

Kidude kile, oksimita, hupitisha mwanga kidoleni na kusoma mambo mawili: oksijeni na mapigo ya moyo. Watu hukodolea oksijeni tu. Pumzi ikiziba, mapigo hupungua. Ubongo ukimshtua mtoto avute hewa, hupanda ghafla. Na watoto wengi hushtuka kabla oksijeni haijashuka, kwa hiyo mapigo hueleza jambo ambalo oksijeni imelificha.

Nililiona kwa mjukuu wangu, Chake Chake. Nilikesha naye, kidude kwenye kidole gumba cha mguu, daftari mapajani. Mapigo 84. Pumzi ikakata: 76. Akaitupa shingo nyuma, akavuta hewa kwa kishindo: 118. Oksijeni ilibaki pale pale 95, haikutikisika. Punde yakarudi yale yale. Hadi adhana ya alfajiri nilikuwa nimejaza kurasa mbili, na roho inaniuma, maana miezi kadhaa nilikuwa nikimwambia mama yake ni usingizi mzito wa mtoto aliyecheza.

Basi nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, umwombe kipimo cha usiku kucha, kwa oksimita inayohifadhi kumbukumbu na yenye kibanio cha saizi ya mtoto. Madaktari wa Montreal, Kanada, walichapisha mwaka 2004 namna ya kuisoma karatasi yake: oksijeni ikiporomoka kwa makundi, yaani mara kadhaa mfululizo, na ikashuka chini ya 90 mara tatu au zaidi, mtoto huyo asicheleweshwe. Lakini usiku usio na miporomoko haumtoi shakani mtoto anayekoroma hivyo. Hapo ndipo mapigo yatazamwe, na ikiwezekana afanyiwe kipimo kamili cha usingizi, kinachopima pumzi, kifua na ubongo kwa pamoja.

Kidole kiwe hakina hina wala piko, hasa piko, maana weusi wake huweza kuzuia mwanga. Akifurukuta sana, namba za dakika hizo usiziamini.

Leo usiku mrekodi kwa simu, kifua wazi, taa imewashwa, dakika tatu zinatosha. Daktari aione kabla hujaeleza lolote. Na midomo ikigeuka buluu, usingoje kuche. Mpeleke hospitali saa ile ile.