Shilingi moja iliyozidi kwenye orodha ya malipo

SWALI: Mimi ni mwekahazina wa kikundi cha wakulima wa zabibu huku Hombolo, Dodoma. Tumepokea shilingi 1,000,000 za malipo ya pili, nasi tunazigawa kwa wanachama watatu kulingana na uzito wa zabibu walizoleta: kilo 410, kilo 275 na kilo 215. Kila fungu nimelikadiria hadi shilingi kamili iliyo karibu, lakini jumla imefika 1,000,001. Nimekosea wapi? Je, naweza kumpunguzia mmoja wao shilingi hiyo?

JIBU: Ndugu mwekahazina, hukukosea kukokotoa. Mafungu halisi ni 455,555.56, kisha 305,555.56 na 238,888.89, na kwa kuwa yote yana senti zinazozidi nusu shilingi, yote matatu yamepanda kwa pamoja. Kukadiria namba moja moja hakulindi jumla yake, na katika orodha ya wanachama wengi tofauti huweza kufikia shilingi kadhaa, juu au chini.

Usimpunguzie mtu kimyakimya, hata kama ni shilingi moja tu, kwa sababu mwanachama akirudia hesabu akakuta fungu lake limeguswa bila maelezo, atatilia shaka daftari zima. Anza kwa kuondoa senti zote bila kupandisha fungu lolote, upate 455,555, 305,555 na 238,888, ambazo jumla yake ni 999,998. Shilingi mbili zilizosalia huwaendea wenye senti nyingi zaidi. Ya kwanza ni ya mwenye kilo 215. Wawili waliobaki wanalingana kabisa kwa senti, kwa hiyo inahitajika kanuni iliyopitishwa na mkutano kabla ya mgawo, kwa mfano kwamba aliyeleta kilo nyingi ndiye atangulie. Hapo mwenye kilo 410 atapata 455,556, na jumla itatimia.

Ninalokuomba ulichunge zaidi ni kutokadiria mapema. Bei ya kilo hapa ni shilingi 1,111.11 na senti zisizokwisha. Ukiikata iwe 1,111 kabla ya kuzidisha, kilo 900 zitatoa 999,900, na shilingi 100 za wanachama zitakuwa zimepotea. Zidisha kwanza, kadiria mwishoni, tena mara moja tu.

Ikiwa unatumia Excel, fahamu kwamba kuficha desimali si kukadiria. Seli itaonyesha 455,556 huku ndani yake ikibaki na 455,555.5556, hivyo jumla itasomeka 1,000,000 ilhali anayejumlisha namba zilizochapishwa atapata 1,000,001. Tumia ROUNDDOWN kuondoa senti, kisha ugawe masalio kama nilivyoeleza. Kwa nusu kamili, ROUND ya Excel hupandisha 2.5 kuwa 3, lakini Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu, yaani 2. Kwa hiyo programu mbili zaweza kutofautiana bila yoyote kuharibika.

Kwa malipo ya fedha taslimu, ambapo sarafu ndogo uliyonayo ni ya shilingi 50, mlipe mwenye kilo 410 shilingi 455,550 na uandike shilingi 6 kama deni la kikundi kwa mwanachama huyo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo deni hilo lijumlishwe kwenye fungu lake la mavuno yanayofuata.